Macho ya Kuazimwa

Kiongozi wa wavuvi hashiki fimbo ya kuvulia. Hilo ndilo la kwanza kulielewa kuhusu kazi aliyoifanya mzee mmoja, jirani yangu hapa Nkoaranga, Tanzania, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, kwenye mito ya baridi ya Nyeri na safu ya Aberdare, Kenya. Samaki alivuliwa na mgeni, picha akapigwa mgeni, na masimulizi yakaenda Nairobi au London kwa jina la mgeni. Yeye alichotoa ni macho.

Samaki mwenyewe ni trauti, wa ukoo mmoja na samoni, na si mwenyeji wa huku. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyepata jina kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti, wakapandwa katika mto Gura. Mwaka 1910 wakafuata trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Baadaye kikawepo kituo cha kutotolea vifaranga pale Kiganjo. Walowezi walitaka kuvua kama walivyovua kwao, lakini aliyejua nyati hulala wapi, na mto hubadilika vipi baada ya mvua ya usiku, alikuwa mtu wa pale pale. Bila yeye, fimbo nzuri kutoka Ulaya ilikuwa ufito tu.

Mzee aliianza kazi hiyo akiwa kijana, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 alikuwa ng'ambo, akabaki huko huko. Amerudi uzeeni kwenye shamba la baba yake, kati ya migomba na kahawa. Kuanzia Juni, masika yakishapita na tope kutulia, utamkuta asubuhi kando ya mto Malala, amevaa koti zito kwa sababu ya ukungu wa Mlima Meru, hana mshipi wala ndoana. Hamfuati trauti. Anasoma maji.

Simama naye kwenye kona moja tu ya mto, uone. Wengi wetu tungeona maji yanapita, basi. Yeye huanza na povu. Povu hufuata mkondo unaobeba kila kilichoanguka majini, mchwa, panzi, mbegu, kwa hiyo njia ya povu ndiyo njia ya chakula. Kisha hutafuta mahali ambapo maji ya kasi yanapakana na maji ya pole, mara nyingi ubavuni mwa jiwe. Trauti ni bahili wa nguvu zake. Husimama kwenye maji ya pole, kichwa kikielekea juu mkondo unakotoka, na kudokoa kinachopitishwa na maji ya kasi jirani yake. Ukishalijua hilo, mengine yanajipanga yenyewe. Kwa kuwa samaki anatazama juu, mvuvi aje kutoka chini, nyuma yake. Kivuli kisitangulie majini. Miguu isipige ardhi, maana mtikisiko wa ukingo humfikia samaki kabla hajakuona. Mzee hushusha ukingo wa nje wa kiatu kwanza, halafu unyayo wote, polepole, na anatembea hivyo hata akienda dukani.

Kinachonivutia zaidi ni namna alivyokuwa akimwambia mgeni. Hakunyoosha kidole, kwa sababu mkono unaoinuka humfukuza samaki. Alisema kwa sauti ya chini: jiwe jeupe, kushoto kwake, acha povu lipite kwanza. Halafu akanyamaza. Mgeni angeweza kutupa vibaya, mshipi ukanasa kwenye kichaka, na mzee angeenda kuunasua bila neno na kuanza kutafuta mahali pengine. Wakati huohuo masikio yake yalikuwa nyuma, msituni, maana mvuvi aliyezama katika maji hasikii nyati akivunja kijiti. Sidhani kama kuna kazi nyingi zinazodai uvumilivu wa namna hii: kukiona kitu waziwazi, kuwa na uwezo wa kukifikia, na kumwachia mwingine.

Kabla ya kuchagua chambo alikuwa akiinua mawe. Chini ya jiwe la mto wa baridi huishi vibuu vya wadudu, wengine bapa waliong'ang'ania jiwe, wengine ndani ya vijumba walivyojijengea kwa punje za mchanga. Alichokikuta hapo ndicho alichokiiga kwa manyoya. Bado anafunga nzi hawa wa bandia, mezani kwake, kwenye jiriwa ndogo iliyofungwa kwa skrubu. Hubana ndoana, huizungushia uzi uliopakwa nta, kisha huzungusha unyoya wa shingo ya jogoo mpaka vishungi vyake visimame pande zote. Jogoo, si tetea: unyoya wa jogoo ni mkavu, hushikilia nzi juu ya maji, na wa tetea ni laini, hulowa na kuzama. Kwa hiyo nzi wa kuelea na nzi wa kuzama wanaanzia bandani. Kenya kuna mafundi wanaoishi kwa kazi hii, na nzi wao huuzwa Ulaya na Marekani, hata wa kuvulia samoni, waliofungwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kumwona samoni.

Mazoea ya kuinua mawe hajayaacha, na hapa ndipo ujuzi wake umepata kazi mpya. Vibuu wa aina ile hawastahimili maji machafu. Mwaka jana aliona kwamba juu ya kivuko mawe yamejaa vibuu, na chini yake, penye bustani za nyanya, mawe ni matupu. Hakupiga kelele. Aliwaita wazee wanaosimamia mfereji wa maji, akawapa mawe mawili mkononi, moja la juu na moja la chini, akawaacha watazame. Waliona wenyewe. Sasa pampu za kupulizia dawa haziruhusiwi kuoshwa mtoni, na wenye bustani wamechimba shimo mbali na ukingo.

Vijana kadhaa wanaosomea kuongoza watalii humfuata siku za Jumamosi. Wanamwamkia, anaitikia marahaba, kisha anawasimamisha kwenye kona ya mto na kuwauliza wameona nini. Hasemi lake mpaka kila mmoja awe amesema la kwake, na hilo huweza kuchukua asubuhi nzima.