Mafundi wa Folda ya docs

Ukiupakua msimbo wa Django, programu huria ya kujengea tovuti kwa lugha ya Python, utakuta humo folda iitwayo docs. Wengi huipita wakikimbilia msimbo wenyewe. Mimi huanzia humo. Hakuna picha za kuvutia wala mapambo, ni faili za maandishi matupu yenye mistari mifupi, zimegawanywa katika folda ndogo. Nne kati ya hizo ndizo nguzo za jengo lote: intro, topics, ref na howto. Kila ukurasa una mahali pake, na ukikaa nao utaona kwamba kuna mtu aliyeamua uwe hapo na usiwe kwingine.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Django ilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas nchini Marekani, ikatolewa kwa umma Julai 2005. Nyaraka zake za mwanzo zilikuwa nzuri, ila zililundikana pamoja: faili moja ya hifadhidata, nyingine ya violezo, nyingine ya fomu, na msomaji ajitafutie. Agosti 2008, toleo la 1.0 likiwa limekaribia, Jacob Kaplan-Moss alizipangua zote akazipanga upya. Chombo alichotumia ni Sphinx, kilichotengenezwa na Georg Brandl kwa ajili ya nyaraka za Python na kutolewa mwaka huohuo. Sphinx husoma faili zenye alama chache, huzigeuza kuwa kurasa za tovuti, na ikikuta kiungo kinachoelekea ukurasa usiokuwapo, humpigia fundi kelele. Chombo kizuri, lakini hakimwambii mtu ni kipi kiende wapi. Hilo fundi huliamua kichwani, kabla hajaandika neno.

Swali lake la kwanza ni hili: anayeufungua ukurasa huu amesimama wapi? Mtu akikusimamisha barabarani akuulize njia ya hospitali, humwanzii na mwaka iliyojengwa. Unamwonyesha kona. Kesho yake huyohuyo anaweza kutaka kujua kwa nini hospitali ilijengwa mbali na mji, na hapo ndipo maelezo marefu yana nafasi. Mwaka 2009 Kaplan-Moss aliandika juu ya aina za nyaraka, zikiwamo mafunzo, mada na rejea. Baadaye Daniele Procida, naye mmoja wa wasanidi wa Django na mtu aliyeshiriki kuanzisha mkutano wa Python nchini Namibia, aliusukuma mpango huo mbele hadi aina nne: mafunzo ya anayeanza, miongozo ya mwenye kazi mkononi, rejea ya anayehakiki jambo, na maelezo ya anayetaka kuelewa. Leo miradi mingi nje ya Django inapanga nyaraka zake hivyo. Ugumu hauko katika kuzitaja hizo nne. Uko katika kuzizuia zisiingiliane, maana kila mwandishi anayejua jambo hutamani kulisema palepale linapomjia.

Kujizuia huko kunaonekana zaidi katika mafunzo. Msomaji anajenga tovuti ndogo ya kura ya maoni, yenye maswali na majibu ya kuchagua. Sehemu ya kwanza inamfikisha kwenye ukurasa wenye sentensi fupi ya salamu, basi. Hakuna hifadhidata bado, wala muundo wa ukurasa. Anaandika amri, anafungua kivinjari, anaona kitu alichokitengeneza mwenyewe. Fundi aliyeandika hapo alijua mambo mia ya kueleza kuhusu kila mstari, akayanyamazia karibu yote. Anayesoma kwa mara ya kwanza hahitaji kujua kila kitu. Anahitaji kufanikiwa, kisha afanikiwe tena.

Halafu kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Katika sehemu ya pili msomaji huandika kipande kifupi cha msimbo kinachojibu kama swali limechapishwa karibuni, yaani ndani ya siku moja iliyopita. Anakijaribu, kinafanya kazi, anaendelea. Anapita sehemu ya tatu, ya kurasa na violezo. Anapita ya nne, ya fomu. Katika ya tano, inayofundisha majaribio ya msimbo, anaambiwa arudi kukitazama kile kipande. Kina hitilafu. Swali lenye tarehe ya mwezi ujao nalo linahesabiwa kuwa limechapishwa karibuni, kwa sababu msimbo uliuliza tu kama tarehe imeipita jana, haukuuliza kama imeipita leo. Hitilafu hiyo imeachwa pale inangoja sehemu mbili nzima, ili siku ya kufundishwa majaribio msomaji awe na kosa halisi mkononi, tena alilolipitisha kwa macho yake. Hapo ndipo anaandika jaribio, analiona likishindwa, anarekebisha, analiona likipita. Aliyelipanga jambo hilo aliyatazama mafunzo yote kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho.

Rejea ni kavu, na inapaswa kuwa kavu. Mipangilio imeorodheshwa kwa alfabeti, kila mmoja na thamani yake ya kawaida chini ya jina. Hakuna hadithi. Ipo miradi inayoiachia mashine izalishe rejea kutoka kwenye msimbo. Kaplan-Moss alilikataa jambo hilo waziwazi, na ukilinganisha matokeo utamwelewa. Mashine hutaja jina la kitu. Mtu huongeza pale chini onyo la lini kitu hicho kitakuletea matatizo.

Baada ya mpangilio hufuata kazi ya maneno, na hii haina mwisho. Mwaka 2019 nyaraka zilipitiwa ili kuondoa maneno yanayoupunguza ugumu wa kazi: yale ya kusema jambo ni rahisi, au kwamba mtu afanye tu hivi na yaishe. Mwongozo wa wachangiaji sasa unasihi yaepukwe. Sababu yake naiona ni ya kiungwana. Anayeambiwa jambo ni rahisi, kisha likamshinda, hudhani tatizo ni yeye. Fikiria kupita ukurasa baada ya ukurasa ukitafuta kineno kimoja, ukisoma kila sentensi kuona kama itasimama bila hicho, na pengine kuiandika upya kwa sababu haisimami.

Kisha wakati nao una madai yake. Toleo jipya la Django hutoka takriban kila miezi minane. Kila kipengele kipya huwekewa alama ya toleo kilipoanzia, na kipengele kinachostaafishwa hutangazwa mapema ili watu wapate kuhama. Msimbo mpya usio na majaribio na nyaraka zake haupokelewi. Alama za matoleo zikichakaa, mtu huzipitia na kuzifuta, faili kwa faili, kwa sababu msomaji wa leo hana haja ya kujua kilichokuwa kipya miaka mingi iliyopita. Kazi hiyo haimpi mtu sifa. Ikifanywa vizuri, hakuna atakayegundua kwamba ilifanywa. Kurasa zitaonekana kana kwamba zimeandikwa jana na mkono mmoja, ilhali mikono iliyopita humo ni mingi sana.

Novemba 2023 mkutano wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar, na vijana wa kwetu wanaojenga kwa Django ni wengi. Nasaha yangu kwao, na kwa yeyote anayeanzisha programu huria yake Arusha, Mombasa au Goma: kabla ya kuandika nyaraka zenu, someni folda hii kama mnavyousoma msimbo, muanze na hitilafu ile ya sehemu ya pili ya mafunzo. Na mkikuta humo neno lililoandikwa vibaya, lirekebisheni mlitume. Kwa kosa la tahajia, mradi hauwadai hata kufungua tiketi, yaani taarifa rasmi ya tatizo.