Namba Zilizogongwa kwenye Kabureta Kuukuu: Zinavyosomwa kati ya Masisi na Walikale

Kabureta ni chombo kinachopima petroli na kuichanganya na hewa kabla mchanganyiko huo haujaingia katika injini, na ingawa magari mapya yameachana nacho, katika wilaya za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, bado ndicho kinachoamua kama pikipiki iliyobeba abiria wawili na gunia la maharage itapanda kutoka Sake hadi milimani au itazimikia njiani. Kwa kuwa hufunguliwa, huuzwa mkononi na kuhamishwa kutoka injini moja hadi nyingine, kabureta kuukuu aghalabu humfikia fundi bila karatasi wala historia, na ushahidi uliobaki ni herufi na namba zilizo juu ya chuma chake. Ushahidi huo una tabaka mbili ambazo hazina budi kutenganishwa: namba ya nje hueleza chombo kilivyotoka kiwandani, ilhali namba za ndani hueleza kilivyo leo, na mara nyingi hizo mbili hazisemi jambo moja.

Hata juu ya ganda la nje si kila namba ina uzito sawa. Namba iliyotuna, yaani iliyoinuka juu ya uso wa chuma, ilitokana na kalibu ambamo aloi ya alumini au zinki ilimiminwa, na kwa sababu kalibu moja huweza kutoa maganda ya aina nyingi za kabureta, namba hiyo hutambulisha ganda tu. Namba iliyozama ndiyo iliyogongwa kwa muhuri wa chuma baada ya ganda kutobolewa na kuunganishwa, na hiyo ndiyo inayotafutwa. Kosa la kuagiza vipuri kwa kufuata namba iliyotuna ni la kawaida na ni la gharama, kwa kuwa kipuri kilicholetwa kutoka Goma hakirudishwi kirahisi.

Kuisoma namba iliyozama kunahitaji subira. Tope na masizi huloweshwa kwa petroli na kusuguliwa kwa mswaki, kamwe si kwa msumari wala kwa msasa, kwa sababu aloi hiyo ni laini na mkwaruzo mmoja huweza kuigeuza 3 kuwa 8. Kisha chaki hupakwa juu ya namba na kufutwa kwa kidole, hivyo unga hubaki ndani ya mifereji ya tarakimu peke yake, na ganda likielekezwa kwenye mwanga unaotoka ubavuni, namba iliyoonekana kufutika hujitokeza nyeupe.

Tarakimu za kwanza katika kabureta nyingi za Ulaya na za Japani ni kipenyo cha tundu la kutokea, kwa milimita, mahali penye kile kibati cha duara kinachofungua na kufunga njia ya hewa, ambacho Wafaransa hukiita kipepeo. Kwa hiyo Solex 32 PBI ina tundu la milimita 32, na Weber 32/36 ina matundu mawili, la milimita 32 na la milimita 36. Waingereza wa SU walifuata njia yao: katika HS4, tarakimu 4 ni sehemu nne za nane za inchi zinazoongezwa juu ya inchi moja, yaani inchi moja na nusu. Toyota nayo huanza namba ya kabureta kwa 21100, ikifuatwa na tarakimu tano, na katika Land Cruiser za zamani zenye kabureta ya Aisan huenda zikaonekana hizo tano za mwisho tu.

Kipenyo hicho cha tundu la kutokea, hata hivyo, humpotosha asiyekuwa makini. Injini ya petroli ya Land Rover yenye lita 2.25 ilifungwa kwanza Solex 40 PA10, kisha Zenith 36 IV, na anayelinganisha 40 na 36 atadhani ya kwanza ni ya injini kubwa zaidi, ilhali injini ni ileile. Kinachotawala kasi ya hewa ni koo, yaani sehemu nyembamba iliyo katikati ya njia, na makoo ya zote mbili hayafiki milimita 30.

Ndipo kabureta inapofunguliwa. Katika pikipiki zinazotumia Mikuni ya aina ya VM, sindano inayopanda na kushuka pamoja na pistoni ya hewa ina maandishi madogo karibu na kichwa chake, kama vile 5DP7. Tarakimu 5 husema kwamba urefu wake ni kati ya milimita 50 na 60, na herufi mbili hutaja mchongoko wa sehemu ya juu na wa chini, kila herufi ikiongeza robo ya digrii, hivyo D ni digrii 1 na P ni digrii 4. Ni kazi ya kustaajabisha kwamba sehemu kubwa ya umbo la kipande chembamba namna hiyo imehifadhiwa katika alama chache tu.

Namba muhimu kuliko zote ni ile ya jeti kuu, skrubu ndogo ya shaba yenye tundu linalopitisha petroli, ambayo fundi aliyezoea istilahi za Kifaransa huiita gicleur. Katika Solex, Weber na Keihin, 100 huwakilisha kipenyo cha milimita 1.00. Katika jeti za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita, 100 huwakilisha kiasi cha petroli kinachopita kwa muda maalumu. Jeti mbili zenye namba ileile basi hazibadilishani, na tofauti hii ina maana ya pekee katika njia ya Masisi na Walikale kwa sababu ya mwinuko.

Milima ya Masisi hupita mita 2,000 katika sehemu nyingi, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 18 kuliko ya pwani. Petroli haipungui kwa kiwango hichohicho, kwani mtiririko wake hufuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa, na matokeo ni mchanganyiko wenye petroli ya ziada kama asilimia 10: plagi hujaa masizi meusi, moshi hunuka na nguvu hupotea mlimani. Ili kurekebisha, eneo la tundu lipunguzwe kwa karibu asilimia 10, na kwa kuwa eneo hufuata mraba wa kipenyo, jeti ya 100 inayohesabiwa kwa kipenyo hubadilishwa kwa 95, lakini inayohesabiwa kwa mtiririko hubadilishwa kwa 90. Asiyejua ni hesabu ipi iliyogongwa juu ya jeti yake atapunguza mno au atapunguza kidogo.

Kupunguza mno kuna hatari kubwa zaidi. Mji wa Walikale uko chini ya mita 1,000, msituni, ambako hewa ni nzito, na pikipiki iliyopunguziwa jeti kwa ajili ya Masisi hukosa petroli ya kutosha inaposhuka huko, plagi yake huwa nyeupe, injini huchemka na pistoni huweza kuungua. Kwa pikipiki inayofanya safari zote mbili, hesabu ileile huonyesha kwamba tofauti kati ya nyanda hizo mbili ni karibu asilimia 3 ya kipenyo, hivyo jeti ya kati, 97 au 98 mahali pa 100 kwa hesabu ya kipenyo, hustahimili pande zote bila madhara.

Hayo yote hutegemea tundu kubaki kama lilivyotobolewa. Jeti iliyopanuliwa kwa waya au kuzibwa kwa risasi na kutobolewa upya huendelea kubeba namba yake ya zamani, na dalili zake huonekana kwa kuielekeza kwenye jua: tundu la kiwandani ni duara kamili lenye kingo zinazong'aa, ilhali lililochokonolewa lina umbo la yai na mikwaruzo inayozunguka ndani yake. Jeti ya namna hiyo hupimwa kwa biti ya kutobolea yenye kipenyo kinachojulikana, na kipimo hicho ndicho kinachoandikwa kwenye daftari la fundi, si namba iliyogongwa kichwani.