Mwalimu Higgins na Maneno ya Mitaani

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila asomaye Pygmalion, mchezo wa George Bernard Shaw ulioonyeshwa kwanza Vienna mwaka 1913, kisha London mwaka 1914. Wengi husema kwamba mchezo huu wahusu matamshi. Lakini sehemu yake ya tatu yahusu jambo lililo gumu zaidi kwa mwalimu wa watu wazima, nalo ni kufundisha misimu, yaani maneno ya mitaani.

Eliza, muuza maua, amefundishwa na Profesa Higgins kutamka Kiingereza cha wakubwa. Apelekwapo nyumbani kwa mama yake Higgins, ameagizwa asizungumze ila hali ya hewa na afya ya watu. Agizo analitii, lakini habari za afya zamfikisha kwenye kifo cha shangazi yake, ambaye Eliza ashuku kwamba aliuawa na watu aliokaa nao. Hapo maneno ya mtaani kwao yamtoka kwa matamshi ya kiungwana.

Mgeni mmoja, Bibi Eynsford Hill, auliza maana ya neno mojawapo. Higgins ajibu upesi kwamba hayo ndiyo mazungumzo ya kisasa, na kwamba neno lile maana yake ni kuua. Maana aliyoitoa ni sahihi, lakini mafundisho ni ya uongo, kwani amemwonyesha mgeni maana ya neno akamficha nasaba yake. Clara, binti wa mgeni huyo, asadiki. Eliza atokapo na tusi kinywani, Clara aliona kuwa pambo, naye Higgins amhimiza alijaribu katika nyumba tatu anazokwenda kuzuru.

Hadhira hucheka, na hapo ndipo penye upungufu wa mchezo, maana Shaw haonyeshi Clara alivyopokewa huko. Mtoto akosapo neno husamehewa. Mtu mzima hudhaniwa kuwa amekusudia. Tena kadiri matamshi yake yanavyotengenea, ndivyo msamaha unavyopungua, kwa kuwa msikiaji hamhesabu tena kuwa mgeni wa lugha.

Haifuati kwamba misimu isifundishwe. Mwanafunzi asiyeijua huwa kama kiziwi kazini na sokoni, pale watu wasemapo kwa raha zao. Lakini maana peke yake haitoshi. Ni lazima mwalimu aeleze ni nani alisemaye neno, humwambia nani, na mahali gani. Mwanafunzi na alielewe kwanza, alisikie vinywani mwa wenyewe, ndipo achague kulitumia au kuliacha. Eliza alizaliwa na maneno yale. Clara aliyaazima, na nguo ya kuazima haisitiri matako.