Kila Konokono na Njaa Yake

Zima taa ya sebuleni, subiri robo saa, kisha sogeza tochi taratibu kwenye kioo cha tangi. Utamkuta. Amebandika unyayo wake mpana kwenye kioo, na kwa kuwa wewe uko upande wa pili, unamwona kwa chini, upande ambao hata mvuvi aliyezeekea baharini hajawahi kuuona ukifanya kazi. Mdomo unafunguka, ulimi mwembamba unachomoza, unapangusa kioo kwa mpapaso mmoja, unarudi ndani. Halafu tena. Halafu tena. Kichwa kinakwenda kushoto, kinakwenda kulia, na nyuma yake inabaki njia safi kwenye ukoga wa kijani, imepinda huku na huku kama mshono wa zigizaga wa cherehani. Nimekaa mbele ya mshono huo usiku mwingi kuliko niliokaa mbele ya televisheni.

Ulimi ule si kama wetu. Ni utepe wenye meno yaliyopangwa safu kwa safu; ya mbele yakisagika, ya nyuma yanasogea kushika nafasi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, walipima jino la konokono mmoja wa miambani, yule mwenye gamba kama kofia, wakakuta nyuzi za madini ya chuma ndani yake zina nguvu kuliko hata uzi wa buibui. Kiumbe anayetoshea kwenye kiganja anatembea na patasi mdomoni. Ni haki yake kuandikiwa sifa.

Tangi langu ni la lita 200, limekaa ukutani katika nyumba ya Kunduchi Mtongani, mwendo mfupi kutoka soko la samaki. Maji nayafuata baharini kwa madumu ya lita 20, siku za bamvua, yakiwa yamejaa kabisa, kwa sababu saa hiyo ndipo maji ya nje, ya kina, yanaposogea hadi ufukweni. Bajaji inanirudisha nikiwa nimekumbatia madumu. Masika ikipamba moto siendi: mito ikishuka, maji ya pwani yanapungua chumvi na kubeba taka za mji mzima.

Miezi mitatu ya mwanzo niliishi na wembe mkononi. Kwanza ulikuja utando wa kahawia, mwepesi kama vumbi, kwenye mchanga na mawe. Ukafuata wa kijani kwenye kioo. Kisha zikaota nywele, ndefu kama kidole, zikipepea kwa mkondo wa pampu. Jumamosi nakwangua, Jumanne zimerudi. Siku moja mzee mmoja, mvuvi, jirani yangu, alipita kunijulia hali akanikuta mkono umezama hadi kwapani. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimeinama hivyohivyo. "Marahaba," akaitikia, akatazama kidogo. "Mwanangu, kule kisiwani Mbudya nani anasugua mwamba?"

Nikautoa mkono majini.

Mwani hauoti bila sababu. Unakula mwanga, nitrati na fosfati, na hizo mbili za mwisho nilikuwa nikizitia mwenyewe, kila asubuhi na jioni, nilipowamwagia samaki chakula wasichokimaliza. Baharini mbolea hiyo inasambazwa kwenye maji yasiyo na mwisho, na kila chipukizi la mwani lina mdomo unaolisubiri. Kwenye lita 200 hakuna pa kusambazwa, na mimi nilikuwa sijaweka mdomo hata mmoja. Nilikuwa na samaki na matumbawe mawili, vitu vya kutazamwa. Wafanyakazi sikuwa nao.

Anayeanza huona konokono ni konokono tu: mtupie tangini, atasafisha. Sivyo. Kila mmoja ana njaa yake, na ufundi wote wa kazi hii uko katika kuzijua njaa hizo, moja moja, na kuzipanga zisiachiane pengo wala zisigombanie sahani moja.

Kinara ni konokono mwenye gamba kama paa la nyumba ya msonge, kitako kipana, ncha juu. Wataalamu humwita Trochus. Huyu chakula chake ni ule ukoga laini wa kioo na mawe, na nywele zikiwa bado changa. Zikishakuwa ndefu anazipita. Nilichompendea zaidi ni kwamba akianguka chali anajigeuza mwenyewe. Wapo ndugu zake wasioweza. Mmoja akiangukia mchanga analala hapo mguu juu mpaka duvi amfikie, na asubuhi unakuta gamba tupu. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya chai, nazungukia tangi nikiwainua walioanguka. Kazi ya dakika mbili, lakini mtu asiyeifanya atapoteza konokono wake na kusingizia maji.

Kauri ana zamu ya usiku. Mchana amejibana chini ya jiwe, hana habari na mtu. Giza likiingia anatoa joho lake, ngozi laini yenye vinyweleo, analivuta juu mpaka gamba lote linafunikwa. Hilo ndilo linaloipa kauri ule mng'ao usiokwaruzika. Kisha anatoka kwenda kula. Huyu mdogo mweupe mwenye pete ya dhahabu mgongoni ndiye yule aliyekuwa fedha. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kupakia kauri za pwani yetu kutoka Unguja na kuzipeleka Afrika Magharibi, shehena kwa shehena, watu wakanunulia mafuta ya mawese. Nikimwona akipanda jiwe taratibu na joho lake nawaza kwamba waliomhesabu kwa magunia hawakupata kumwona akila.

Duvi, kaa mwenye makazi ya kuazima, anakwanyua nywele ndefu kwa makucha, uzi mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchicha. Ila lazima umwekee magamba matupu ya ukubwa mbalimbali pembeni. Akikua akakosa nyumba, atamuua konokono apate ya kwake. Kosa hapo si lake.

Chini mchangani wako wale wanaojizika. Siku nzima huwaoni, isipokuwa mrija mwembamba uliochomoza kama bomba la moshi. Dondosha kipande cha dagaa: dakika haiishi, mchanga unatikisika huku na kule, wanaibuka wakikimbia, kwa kadiri konokono anavyoweza kukimbia. Mwani hawaugusi kabisa. Wanakula mabaki kabla hayajaoza kuwa mbolea ya mwani, na kwa hesabu yangu hao ndio wanaozuia kazi nyingi kuliko wote. Jongoo bahari naye anaumeza mchanga na kuutoa ukiwa safi, lakini tangi langu ni dogo kwake. Akifa humo anaweza kutoa sumu ikaua samaki, kwa hiyo nilimwacha kwenye bahari yake.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna anayekila. Ni utando mwekundu, mlaini, wenye viputo, unaofunika mchanga kama shuka. Unafanana na mwani lakini ni bakteria. Konokono akiufikia anakata kona. Mwanzo nilidhani wamevivia, nikaongeza wengine. Siku hizi nausoma kama ujumbe: mkondo umelegea mahali, au mkono wangu umekuwa mwepesi kwenye kopo la chakula. Konokono naye akila mwani haiondoi ile mbolea, anaigeuza kinyesi. Kubadilisha maji kumebaki kazi yangu, na kupunguza chakula pia.

Konokono wangu wengi nawapata kwa wavuvi, kwenye nyavu zilizoburutwa, wale ambao wangekaukia mchangani. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, huko hachukuliwi mtu. Na popote unapookota, ukiona gamba lenye umbo la koni ya aiskrimu, mdomo wake ufa mrefu mwembamba, rangi zimechorwa kama khanga, usilishike. Huyo si mla mwani. Anawinda kwa mshale wa sumu, na aina moja ya hao katika bahari yetu hii huua watu. Nilimwinamia mmoja, vidole vimebaki shubiri moja, mzee wangu yule akanishika mkono bila kusema neno.

Kazi hii ina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Mwaka 1850, London, mkemia aitwaye Robert Warington aliwasomea wenzake matokeo ya jaribio lake: samaki wawili katika chombo cha kioo pamoja na mmea wa majini, kwa hoja kwamba mmea utawapa samaki hewa na samaki wataulisha mmea. Hesabu ilikuwa nzuri, ila majani yalianza kuoza, ukoga ukatanda, maji yakachafuka. Akatia konokono watano au sita wa bwawani. Wakala yaliyooza, wakala ukoga, maji yakatulia. Hata mayai yao yakawa chakula cha samaki. Baadaye akajaribu kwa maji ya bahari, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua jumba la samaki kwa umma. Watu wakamkumbuka samaki na kioo. Mimi naona chombo kile kilikamilika siku alipoingia konokono.

Swali la mzee nimelibeba hadi nje ya tangi. Mwaka 1983 ugonjwa uliwaingia nungu wa bahari, wale weusi wenye miiba mirefu, katika bahari ya Karibi, na katika muda wa kama mwaka mmoja zaidi ya asilimia 90 ya nungu hao walikufa. Samaki walao mwani kama wao walikuwa wamekwishavuliwa. Jamaica, hakukubaki wa kula. Mwani ukapanda juu ya matumbawe ukayafunika, na kwa mamia ya kilomita za pwani miamba ikageuka majani. Ni tangi langu la mwezi wa tatu, isipokuwa hapakuwa na mtu wa kuingiza mkono.

Kwetu huku kisa kimekwenda upande mwingine. Pwani ya Kenya, mtafiti Tim McClanahan alianza katika miaka ya 1980 kuhesabu nungu kwenye miamba inayovuliwa na ile ya hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968. Ndani ya hifadhi nungu walikuwa wachache, kwa sababu kikande yupo, yule samaki mwenye meno ya kuvunja miiba. Nje, kikande amevuliwa, nungu wamejaa, na njaa yao imepita mwani ikaanza kuuguguna mwamba wenyewe. Nyumba inaliwa na wafagiaji wake. Nikisikia mtu anataka anunue konokono mia moja amalize mwani kwa wiki, namkumbuka kikande.

Maana mimi pia nimewaua kwa wingi wao. Nilitia thelathini. Kwa wiki tatu tangi lilimeta mpaka wageni wakaligusa kuhakikisha kama kuna maji. Wiki ya tano wakaanza kudondoka. Hapakuwa na ugonjwa, chumvi ilikuwa sawa, joto digrii 28. Walikuwa wamemaliza chakula. Nilipowatoa, miguu yao ilikuwa imesinyaa ndani ya gamba, na harufu yake sitaisahau. Sasa ninao tisa, na kioo cha nyuma sikigusi kamwe. Nakiacha kiwe kijani, kinene, kichafu kwa macho ya mgeni. Ndilo shamba lao. Mama yangu aliponitembelea akauliza kwa nini sifuti upande ule, nikamwambia, mama, hicho ni chakula cha watu.

Wanahitaji na mengine, hayo nitayapita haraka. Maji yanayopungua kwa joto hujazwa kwa maji baridi, kwa kuwa chumvi haitoki na mvuke. Konokono mgeni hutiwa maji ya tangi tone kwa tone, saa nzima au zaidi, kabla hajaingia. Dawa ya samaki yenye shaba haikaribii chombo hicho hata siku moja. Januari na Februari feni hupuliza juu ya maji mchana kutwa, na umeme ukikatika nachota kwa kikombe na kumwagia kutoka juu ili hewa iingie, mkono ukichoka nabadilisha mkono.

Mwezi uliopita, usiku wa bamvua, Trochus wawili walipanda hadi juu kabisa ya tangi wakasimama mkao ambao sikuwahi kuuona, magamba yameinuliwa. Mmoja akatoa kitu kama moshi mweupe, kisha wa pili, mpaka maji yakawa kama yametiwa maziwa. Nikafikiri wanakufa. Nikabadilisha madumu mawili, nikalala na wasiwasi. Asubuhi maji yalikuwa meupe kidogo tu na wao wako kazini.

Jana nimeisogeza tochi kwenye kioo cha nyuma, kwenye lile shamba nisilolifuta. Katikati ya kijani kulikuwa na mstari ambao haukuwepo, mwembamba kama uzi wa kushonea, unakwenda kushoto, unakwenda kulia. Nikaufuata kwa kidole mpaka mwisho wake. Alikuwa hapo, mdogo kuliko punje ya mchele, paa lake la msonge limekwisha kujengeka, anakula.