Kijarida cha Chini ya Mto: Kuhakiki Maandishi ya Burudani

Katika vyuo vyetu vya makada kuna desturi ambayo kila mkufunzi anaijua, ingawa wachache huitaja. Mchana, juu ya meza, kuna vitabu vya itikadi, katiba ya Chama na maazimio ya mikutano. Usiku, bwenini, kinatolewa chini ya mto kitabu cha Willy Gamba kisicho na jalada, au simu yenye hadithi ya mapenzi ya sehemu arobaini. Sisi tuliosoma sekondari katika miaka ya 1990 tulifanya hivyo hivyo, na baadhi yetu hatujaacha. Kwa hiyo makala haya hayaandikwi na watu walio nje ya jambo lenyewe.

Hivi karibuni tulimkuta mwanafunzi mmoja akisoma riwaya ya upelelezi aliyoificha ndani ya mhadhara wetu. Tulipomwuliza sababu, alisimama akajibu kwa heshima: "Samahani, Ndugu Mkufunzi. Mhadhara ninausoma kwa ajili ya mtihani. Hiki ninakisoma kwa sababu nataka kujua mbele kuna nini." Darasa lilicheka. Sisi hatukuweza kucheka, kwa kuwa jibu lile lilikuwa uhakiki wa kazi yetu, tena uhakiki wa haki.

MAKOSA MAWILI

Kuhusu maandishi ya burudani, makada wetu huangukia katika moja ya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la wale wanaosema kwamba riwaya za upelelezi, majarida ya picha na katuni zote ni kasumba, na kwamba kada wa kweli hana muda nazo. Msimamo huu unaonekana mkali, lakini matokeo yake ni unafiki tu, maana wanaoutamka hadharani huvisoma vitabu hivyo hivyo faraghani. Kosa la pili ni la wale wanaosema kwamba burudani haina siasa. Mtu amechoka, mwache apumzike.

Makosa haya mawili yana mzizi mmoja: yote yanatenga mapumziko na kazi. Mfanyakazi anayetoka zamu kiwandani na mkulima anayerudi shambani hupumzika ili kesho waweze kuzalisha tena. Saa hizo za jioni ni sehemu ya maisha ya jamii kama zilivyo saa za kazi. Atakayempa msomaji hadithi ya kupumzikia, huyo pia humpa mfano wa shujaa, mfano wa adui na mfano wa maisha mema. Swali letu basi ni hili: nani anayeongoza mapumziko ya msomaji wetu, na kwa faida ya nani?

HISTORIA FUPI

Wakoloni hawakulidharau swali hilo. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha jarida la Mambo Leo. Pamoja na habari za serikali lilichapa hadithi na mashairi, na Shaaban Robert mwenyewe ni miongoni mwa washairi waliosomwa humo. Mtawala alitambua kwamba mtu anayefungua jarida kwa ajili ya shairi atakutana pia na tangazo la mtawala.

Katika miaka ya mwisho ya 1960 likaenea barani Afrika jarida la picha lililoitwa African Film, la kampuni iliyochapisha Drum, yenye asili yake Afrika Kusini. Shujaa wake, Lance Spearman, alivaa kofia, akavuta sigara kubwa, akaendesha gari la fahari na kuwapiga wahalifu kwa ngumi na karate. Vijana wengi wa mijini walifurahi, na kulikuwa na sababu: kwa mara ya kwanza walimwona Mwafrika katika nafasi ambayo sinema iliwapa Wazungu. Lakini tukiuchunguza mji wa Spearman tunaona kwamba hauna jina, hauna mkoloni, hauna kaburu, hauna mgomo wala kijiji. Adui ni mwendawazimu mmoja au genge la majambazi. Jarida lililotoka katika himaya ya ubaguzi wa rangi lilimpa Mwafrika bastola, na halikumpa adui wake wa kweli.

Kwetu, Faraji Katalambulla alikwisha kuonyesha mwaka 1965, katika Simu ya Kifo, kwamba hadithi ya upelelezi inaweza kuandikwa kwa Kiswahili na kupendwa. Wakati huo huo taifa lilikuwa linaunda wasomaji wapya. Mwaka 1967, lilipotolewa Azimio la Arusha, zaidi ya watu wazima 60 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, waliosalia walikuwa chini ya 10 katika kila 100. Hayo ni mapinduzi. Lakini mtu aliyekwisha kujua kusoma, baada ya kumaliza kitabu cha kilimo cha pamba na kitabu cha uzazi bora, hutaka kusoma nini Jumapili alasiri? Swali hilo hatukulijibu vya kutosha. Walilijibu waandishi na wachapaji wa vitabu vidogo vya bei nafuu.

WILLY GAMBA MBELE YA UHAKIKI

Mfano mkubwa ni riwaya za Elvis Musiba. Katika Kufa na Kupona, ya mwaka 1974, mpelelezi Willy Gamba anatumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za siri za harakati za ukombozi zilizoibiwa Dar es Salaam. Katika Kikosi cha Kisasi, ya mwaka 1979, anapelekwa Kinshasa kuwakabili wanaowaua viongozi wa wapigania uhuru.

Mhakiki mwadilifu hana budi kukiri yaliyo mema. Hapa adui ana jina: ni ukaburu na vibaraka wake. Dar es Salaam ni makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kama ilivyokuwa kweli tangu mwaka 1963. Kijana aliyesoma vitabu hivi alijua kwamba Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini zilimhusu. Hatuna hakika kama mihadhara yetu yote imefanya kazi hiyo kwa mafanikio kama hayo. Kwa hiyo anayeviita vitabu hivi takataka hajavisoma, au amevisoma akaona aibu kusema.

Lakini maudhui yetu yamevishwa nguo ya kuazima. Willy ni ndugu wa James Bond. Analala katika hoteli kubwa, anakunywa vinywaji vya gharama, na karibu kila mwanamke anayetokea huelezwa kwanza kwa umbo lake, hata kama ni mpelelezi mwenzake. Ukombozi wa bara zima unategemea shabaha ya mtu mmoja na wenzake wachache. Umma uko wapi? Ukombozi wa kweli ulibebwa na wananchi walioishi jirani na kambi za Kongwa, Nachingwea na Mgagao, wakaona mengi na kunyamaza. Ulibebwa na wakulima wa kando ya Mto Ruvuma walioishi na vita mlangoni kwao. Hao katika riwaya ni watu wa kupita njiani, au hawamo kabisa. Msomaji anafunzwa kumchukia kaburu, jambo ambalo ni jema. Anafunzwa pia kumngoja shujaa, jambo ambalo ni hatari. Kada aliyezoea kumngoja shujaa hatajenga tawi.

KICHEKO NACHO

Upande wa vichekesho tumefanya vizuri zaidi. Katika gazeti la Chama, Uhuru, vibonzo vya Chakubanga vya Christian Gregory viliwafanya watu wengi wafungue gazeti. Baadaye jarida la Sani, lililoshamiri katika miaka ya 1980, lilituletea Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Kila mtaa ulimjua ndumilakuwili wake: huyu anayesema hili kikaoni na lile kilabuni. Kibonzo kimoja kilimfichua bila waraka wala semina. Upungufu wa kicheko hiki ni kwamba mara nyingi kilimlenga mshamba aliyeingia mjini na kumwacha mlanguzi apite. Hata hivyo kinathibitisha kwamba umma wetu hucheka kwa akili.

WAJIBU WETU

Leo jarida la chini ya mto limehamia kwenye simu. Hadithi hukatwa pale panapochoma moyo, na msomaji hulipa ili apate sehemu inayofuata. Soko ndilo mhariri. Kulalamika hakutabadilisha hali hiyo. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, vitabu hivi vitoke chini ya mto vije mezani. Kila kikundi cha kujisomea kichukue riwaya moja ya burudani kwa muhula na kuihakiki kwa maswali ya wazi: Adui ni nani, na riwaya imemtaja au imemficha? Nani analipia hoteli ya shujaa? Nani anampikia? Watu wanaookolewa walizuiwa na nini wasijiokoe wenyewe? Mwanafunzi anayeweza kujibu maswali hayo kuhusu Willy Gamba ataweza pia kuyauliza kuhusu hotuba, tangazo la biashara na taarifa ya mradi.

Pili, maktaba za vyuo na za matawi ziweke vitabu vya itikadi na vya burudani katika rafu za chumba kimoja. Anayekuja kwa ajili ya kimoja atakiona na kingine.

Tatu, na hili ndilo gumu, sisi wakufunzi tujifunze kuandika. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Somo la choo lilisikilizwa na mamilioni kwa sababu liliandaliwa kwa lugha yao, kwa sauti zao, na kwa jambo walilotaka kujua mwisho wake. Mihadhara yetu mingi haina sifa hata moja kati ya hizo. Tunarudia maneno yaliyokwisha kuchakaa, kisha tunamlaumu msomaji akisinzia.

Mwanafunzi wetu tulimrudishia kitabu chake. Tulimpa pia kazi: aandike kurasa kumi za hadithi ya kusisimua ambayo ndani yake kijiji kizima, wala si mtu mmoja, kinamshinda mlanguzi wa mbolea. Sisi tulijipa kazi hiyo hiyo. Yeye amekwisha kuleta kurasa sita, na darasa linadai sehemu inayofuata. Sisi tumeandika mbili, na tumezifuta mara tatu.