Saa Ndani ya Mtego wa Kuvu

Paka slaidi mafuta ya mgando, iache nje kutwa, na jioni utakuta spora za kuvu zimenasa. Njia hiyo ilitegemewa miaka mingi, na kwa miaka hiyohiyo ilidanganya. Spora kubwa kama za Alternaria huanguka zenyewe, basi huonekana tele. Zile za mikromita chache hupita na hewa juu ya kioo bila kukigusa. Sahani za kuoteshea nazo zilikuwa na upofu wake. Kutu ya ngano hutaka mmea hai, humo haioti, ikahesabiwa kana kwamba haipo.

Mwaka 1952 J. M. Hirst, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alieleza mtego wake. Pampu ilivuta lita 10 za hewa kila dakika kupitia mwanya wenye upana wa milimita 2 na urefu wa 14, huku bawa la nyuma likiugeuza kuelekea upepo unakotoka. Ndani, hewa hupinda ghafla mbele ya slaidi yenye kunata. Spora, kwa uzito wake, hushindwa kukata kona, ikajibamiza hapo. Kunasa vumbi kwa mtindo huo kulishajulikana. Ujanja ulikuwa kwenye saa, iliyosogeza slaidi milimita 2 kila saa moja. Siku nzima ikawa mchirizi wa milimita 48, na chini ya hadubini mahali spora ilipolala palitaja saa iliponaswa.

Hapo usiku ukajitokeza. Mchana mkavu ulikuwa wa Cladosporium, ambayo upepo huing'oa kwenye majani yanayokufa. Usiku zikatawala spora za uyoga na za Sporobolomyces, hamira ya kwenye majani. Hizi hujirusha kwa nguvu ya kitone cha maji, hivyo hungoja unyevu. Aliyezoea kuchukua sampuli saa za kazi angezipatia wapi? Mwaka huohuo Hirst na Philip Gregory walipendekeza kwamba spora za uyoga huenda nazo huleta mzio.

Mtego huu una kasoro. Spora za Aspergillus na Penicillium ni ndogo, nyingine huuponyoka, na zikinaswa huonekana vijiduara visivyotofautiana. Kwa hizo, sahani ya kuoteshea bado inahitajika. Hata hivyo mitego ya leo ya juu ya mapaa, yenye utepe unaozunguka siku 7, bado huusogeza milimita 2 kwa saa.