Ramani ya kidato cha nne kwenye kioo cha inchi 11

Winga, yaani mvuta wateja wa mtaani, alitudaka kabla hata hatujamaliza kuvuka Mtaa wa Aggrey. "Bosi, kishikwambi? Njoo huku, kuna mashine kali." Dakika mbili baadaye tulikuwa mbele ya kabati la vioo, shemeji yangu ameshika boksi lenye maandishi ya dhahabu: RAM 16, hifadhi 512, kioo cha 2K, betri 10,000. Bei, laki mbili na nusu. Shemeji alinigeukia kwa jicho la mtu aliyeokota embe dodo chini ya mnazi.

Nilimwomba muuzaji akiwashe. Nikakirushia intaneti ya simu yangu, nikapakua CPU-Z, programu ya bure inayosoma kilichomo ndani ya mashine badala ya kusoma boksi. Ikaonyesha prosesa ya viini vinne vya Cortex-A53, usanifu ambao kampuni ya Arm iliutangaza mwaka 2012. Kioo kilikuwa cha pikseli 1280 kwa 800. RAM haikufika hata 4.

Sasa ile 16 ilitoka wapi? Watengenezaji huchukua RAM halisi, huijumlisha na kipande cha hifadhi kinachoazimwa kufanya kazi ya RAM, kisha jumla ndiyo inayopigwa chapa kwa dhahabu. Hata kampuni kubwa zina ujanja huo siku hizi, ila huandika hesabu yenyewe kwa herufi ndogo chini. Hifadhi ni ya polepole mno kushika nafasi ya RAM. Ni kama fundi cherehani anayekwambia meza yake ya kukatia ni kubwa kwa sababu amehesabu na stoo ya nyuma. Na ile 512 ni mbaya zaidi, kwani namba inayoonekana kwenye mipangilio inaweza kuchezewa. Mtu hujua siku anapojaza mafaili na yale yaliyozidi ukubwa halisi yanapoanza kugoma kufunguka. Jina la chapa sitaji, na kulitaja kusingemsaidia mtu, maana mzigo unaofuata unaweza kuja na jina jingine.

Tulishukuru, tukatoka.

Safari hii tulikuwa tumeianza jana yake, nyumbani, kwa daftari na kalamu. Shemeji anafundisha Jiografia shule binafsi mkoani Morogoro. Nilimkataza kuniambia anataka kishikwambi cha namna gani. Nilimwomba aniambie alifanya nini wiki iliyopita kwenye simu yake kilichomuumiza macho au kumpotezea muda. Akataja: kusoma mitihani iliyopita ya kidato cha nne katika PDF, hasa swali la ramani, kuandaa majaribio mafupi, kupokea mafaili kwenye WhatsApp, kuwaonyesha wanafunzi video fupi za mito na volkano, watano au sita wakiwa wamezunguka meza. Michezo hachezi. Picha hupiga kwa simu. Bajeti ilikuwa shilingi 600,000, kava na kila kitu humo humo.

Neno kishikwambi lenyewe lilizoeleka kwa wengi wetu wakati wa Sensa ya Agosti 2022, pale makarani walipokuja milangoni nacho. Kazi ile ilikuwa na madai yake: chaji ya kudumu siku nzima, kujua mahali kilipo, kutunza taarifa hata pasipo na mtandao, na programu moja tu ya kujaza. Baada ya Sensa serikali iliamua vishikwambi vile viende kwa walimu. Shemeji, kwa kuwa yuko shule binafsi, mgawo haukumhusu, hivyo yeye alikuwa na nafasi ya kuanza na kazi yake mwenyewe.

Kazi yake ni ukurasa wa A4. Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko popote, na sioni wengi wakipafanyia hesabu. A4 ina upana wa sentimita 21. Kioo hupimwa kwa mshazari, kutoka kona hadi kona, kwa hiyo inchi za kwenye boksi hazikwambii upana. Nilichukua rula na kikokotoo. Samsung Galaxy Tab A9 ya inchi 8.7 (pikseli 1340 kwa 800), ukiisimamisha wima, ina upana wa kama sentimita 11.3. Ukurasa wa A4 unabanwa hadi asilimia 54 ya ukubwa wake, na herufi ya pointi 12 inakuwa kama ya pointi sita na nusu, saizi ya maandishi ya karatasi inayokunjwa ndani ya paketi ya dawa. Dada yake mkubwa, Tab A9+ ya inchi 11 (1920 kwa 1200), ina upana wa sentimita 14.8. Ukurasa unabaki asilimia 70, herufi zinakuwa pointi nane na nusu hivi, karibu na za gazeti. iPad ya kizazi cha 10 ina inchi 10.9, pungufu kidogo, lakini umbo lake ni pana: sentimita 15.8, asilimia 75. Inchi zimepungua, ukurasa umekua. Sababu ni kwamba kioo cha iPad kinakaribia umbo la karatasi, wakati vioo vingi vya Android vimekatwa kwa ajili ya filamu.

Mtu atasema, si ulaze tu kishikwambi? Sawa. Ile ndogo ya inchi 8.7 ukiilaza inafikisha asilimia 90 ya upana wa A4, ila sasa unaona chini ya nusu ya ukurasa, na swali la ramani linakutaka uangalie ramani na ufunguo wa alama kwa pamoja. Kupandisha na kushusha kidole kila sekunde tano ndiko kulikomchosha kwenye simu.

Basi inchi 8.7 ikaondoka mezani, japo ni nzuri kwa bei yake na ningempa bila wasiwasi mtu anayesoma vitabu vya hadithi, ambavyo herufi zake hukuzwa utakavyo. iPad nayo ikaondoka kwa sababu ya mfuko. Tuliitazama ya mtumba kwa muda, nikamwekea masharti mawili. Kwanza, muuzaji aifute yote mbele yetu hadi ifikie ukurasa wa makaribisho. Ikidai nenosiri la mmiliki wa awali, au ikisema inasimamiwa na kampuni au shule fulani, tunaiacha hata kwa bure. Pili, isiwe ya zamani kiasi cha kunyimwa mfumo mpya: iPad ya kizazi cha 5, ya mwaka 2017, iliishia iPadOS 16. Mashine inaweza kuwaka vizuri miaka kumi huku programu zikiikataa moja baada ya nyingine. Zilizofaulu masharti zilikuwa juu ya laki sita. Zilizokuwa chini ya laki sita hazikufaulu.

Kalamu alikuwa anaitamani. Galaxy Tab S6 Lite huja nayo ndani ya boksi, na kwa mwalimu wa Fizikia anayeandika milinganyo ningeng'ang'ania. Nilimuuliza shemeji: wiki iliyopita uliandika nini kwa mkono? Akajibu, alama nyekundu kwenye madaftari. Kalamu ikaondoka.

Suala la laini lilituchukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kishikwambi cha Wi-Fi pekee ni nafuu, na simu yake ina bando tayari. Akirusha intaneti, kazi imekwisha, wala hana haja ya kwenda kusajili laini nyingine kwa alama za vidole. Kwa upande wa pili, simu inayorusha intaneti huisha chaji upesi, na shuleni kwao umeme si wa kuuamini. Kuna jambo jingine ambalo mwalimu wa Jiografia alipaswa kulijua: iPad ya Wi-Fi pekee haina GPS kabisa, ni ile ya laini ndiyo iliyo nayo. Anayetaka kutoka na wanafunzi kupima njia kutoka shuleni hadi mtoni akumbuke hilo. Shemeji akasema kwa kutembea anatumia simu. Tukachukua Wi-Fi. Kama kingekuwa cha laini, tungeangalia IMEI kwenye mipangilio na kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 kabla ya kutoa hela, maana tangu mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia Juni 2016, chombo chenye namba feki kinaweza kukuzimikia mkononi.

Hifadhi: 64 inatosha? Mfumo wenyewe hula sehemu kubwa, ukibaki na kama 40. PDF ni nyepesi. Video za WhatsApp ndizo mchwa. Tab A9+ ina tundu la memori kadi, na video na mafaili yanakaa kwenye kadi bila shida, ingawa programu nyingi hubaki ndani. iPad haina tundu hilo, kwa hiyo huko unanunua hifadhi ya maisha siku ya kwanza. RAM 4 kwa kazi zake inatosha, ila si kwa ufahari: akifungua mtihani, kivinjari na WhatsApp kwa pamoja, kimojawapo kinaweza kujifunga na kuanza upya. Nilimweleza mapema asije akadhani ni ubovu. Kamera tuliiruka.

Kabla hatujanunua, mjomba wake aliyeko Marekani alipiga simu kusema atatuma Amazon Fire, ni rahisi sana huko. Ni kweli ni rahisi, na kwa mtu anayeishi ndani ya duka la Amazon inafaa. Lakini haina Play Store, na nusu ya programu anazozijua shemeji asingezikuta. Huawei za baada ya vikwazo vya Marekani vya 2019 zina shida ya aina hiyo hiyo upande wa Google, ingawa mashine zenyewe zimeundwa vizuri. Tulimshukuru mjomba kwa adabu zote na kumwomba atume hela.

Duka la pili, Tab A9+, RAM 4 na hifadhi 64. Nilikuwa nimebeba kwenye flashi karatasi ya mtihani wa Jiografia yenye ramani ya topografia. Shemeji aliifungua palepale kaunta, akakivuta kishikwambi kwenye mwanga wa mlangoni, akaanza kusoma namba za gridi kwa sauti huku muuzaji akimshangaa. Mwinuko mmoja kwenye kontua ulimshinda. Alikuza kidogo, ukasomeka. Tukalipa. Zilizobaki zikatosha kava, kioo cha kulinda na memori kadi.

Malalamiko ya shemeji ni chaji. Betri ni ya mAh 7,040, sawa na wati-saa 27 hivi, na chaja yake ya zamani ya simu ni ya wati 10. Kugawanya tu unapata karibu saa tatu, na kwa uhalisia ni zaidi. Huiacha kwenye soketi anapoanza kusahihisha madaftari.

Wiki ya tatu alinitumia ujumbe. Aligundua kwamba ramani ya 1:50,000, ambayo kilomita moja yake inapaswa kuwa sentimita 2, ilikuwa imesinyaa kwenye kioo: kwa rula, kiboksi cha gridi kilikuwa sentimita 1.4. Kipimio cha uwiano kilichoandikwa chini ya ramani kimekuwa cha uongo, ila kile cha mstari, kwa kuwa kimesinyaa pamoja na ramani, bado kinasema kweli. Hakuandika kunilaumu. Alikuwa ameligeuza kuwa swali la jaribio la Jumatatu: tafuta kipimio cha ramani hii kama inavyoonekana kwenye kishikwambi cha mwalimu. Jibu lake ni karibu 1:71,000, na aliniomba nimhakikishie kabla hajaandika ubaoni.